Tabaka la mawe yanayoelea: andikeni na mashimo mliyotoka mikono mitupu

Mwalimu mmoja wa jiografia kutoka wilaya ya Rungwe ameniandikia hivi: "Mafundi walipokuwa wanachimba shimo la choo kipya cha shule, walikuta tabaka la kokoto nyepesi, rangi ya maziwa yaliyochacha, unene kama kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko. Nilitupa moja kwenye ndoo ya maji ikaelea. Kwenye kingo za barabara ya kuelekea Kiwira nimeona tabaka linalofanana nalo. Nina wanafunzi arobaini wa kidato cha tatu ambao hawachoki kutembea. Je, tunaweza kuchora ramani ya majivu haya ya volkano kwa simu na futi kamba tu? Na tukimaliza, kazi yetu itamfaa mtu, au itaishia kabatini?"

Mwalimu, mnaweza, na simu na futi kamba zinatosha kabisa kuanzia. Ramani nyingi za majivu ya volkano nilizowahi kuzitumia zilianza na vifaa pungufu ya hivyo. Kinachoiua kazi ya namna hii ni daftari. Mtu anapima vizuri, anaandika vibaya, na miaka mitatu baadaye hata yeye mwenyewe hajui ile "40" ilikuwa sentimita za nini, wapi, na kama tabaka lilikuwa zima au limekwanguliwa juu. Kwa hiyo nitazungumzia zaidi daftari kuliko volkano.

Kwanza tuelewane kuhusu mlichokikuta. Kila kitu ambacho volkano inakirusha hewani kikadondoka chini kinaitwa tefra, neno lenye asili ya Kigiriki ambalo Sigurdur Thorarinsson wa Iceland aliliingiza kwenye sayansi mwaka 1944. Chembe zilizo chini ya milimita 2 ndizo majivu, za kati ya milimita 2 na 64 huitwa lapili, na zinazozidi hapo ni mabonge. Msichanganye majivu haya na ya jikoni: hakuna kilichoungua. Ni mwamba na kioo kilichosagika. Kokoto zenu zinazoelea ni pumisi, yaani povu la magma (mwamba ulioyeyuka) lililoganda lingali na vipovu vyake vya gesi ndani. Ukikata moja kwa kisu utaona vitundu kama vya mkate.

Mlima Rungwe ulilipuka vikubwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Karine Fontijn, mtaalamu wa volkano kutoka Ubelgiji, na wenzake walizunguka huko wakipima tabaka la pumisi la mlipuko ule, na mwaka 2011 wakachapisha hesabu zao: nguzo ya majivu na gesi ilipanda zaidi ya kilomita 30 angani, na upepo siku hiyo ulikuwa karibu haupo, hivyo mawe yakatawanyika pande zote za mlima badala ya kuvutwa upande mmoja. Kabla yao D. A. Harkin alikuwa ameandika juu ya miamba ya volkano za Rungwe kwa ajili ya idara ya jiolojia ya Tanganyika, na kitabu chake cha mwaka 1960 bado kinafunguliwa. Kwa hiyo mnaingia kwenye shamba lililokwishalimwa kidogo, si pori.

Lakini nakuomba jambo moja ambalo wanafunzi watalichukia. Msiandike daftarini "Pumisi ya Rungwe, miaka 4,000". Andikeni "tabaka A". Rungwe umelipuka tena baada ya mlipuko ule, na kaskazini yake kuna volkano ya Ngozi, ambayo nayo imewahi kutupa pumisi na majivu. Tabaka mliloona chooni na lile la kingo za barabara yanaweza kuwa ndugu, yanaweza kuwa kitu kimoja, na yanaweza kuwa hayajuani kabisa. Rangi haitoshi kuamua. Pumisi ile ile ikikaa chini ya migomba yenye unyevu mwaka mzima inageuka njano, na kwenye kingo kavu inabaki nyeupe. Kinachoamua ni kemia ya kioo kilichomo, ambayo ni kama alama ya kidole ya mlipuko, na hiyo hupimwa maabara. Ninyi kazi yenu ni kueleza tabaka hilo vizuri kiasi kwamba atakayekuja na maabara yake ajue achukue sampuli wapi.

Ukidhani ninakuza mambo, uliza habari za tefra iitwayo KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 majivu yale yalipewa umri wa miaka milioni 2.6, na visukuku vya watu wa kale vilivyokuwa chini yake vikawa vya zamani kuliko ilivyotarajiwa. Waliolalamika kwanza walikuwa watafiti wa visukuku vya nguruwe: nguruwe wa pale walifanana na wale wa Omo, Ethiopia, waliokuwa wadogo kwa umri zaidi ya nusu milioni ya miaka. Mabishano yalichukua karibu miaka kumi hadi umri ukashuka kufikia takriban milioni 1.9. Baadaye mwanajiolojia Frank Brown na wenzake wakafanya kazi ya kuchosha ya kulinganisha kemia ya majivu bonde zima la Turkana, tabaka kwa tabaka, mpaka likaeleweka lipi ni lipi. Waliweza kwa sababu wale wa mwanzo walikuwa wameandika kwa makini sampuli ilitoka wapi. Umri ulikuwa na kosa, daftari halikuwa nalo. Ndiyo maana umri ukasahihishika.

Sasa shimoni. Kabla ya kutoa futi kamba, safisheni ukuta. Mwiko wa fundi unafaa kuliko jembe. Kwangueni upana wa mita moja hadi mwone mpaka wa juu na wa chini wa tabaka bila udongo uliomwagikia. Halafu jiulizeni: mawe haya yalianguka hapa kutoka angani, au yaliletwa?

Kilichoanguka kinajitandika kama blanketi juu ya kitanda chenye mito, kikifuata kilima na bonde kwa unene unaokaribiana. Mawe yake yana kona kali, na ukilinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine jirani, ukubwa wao unakaribiana. Kilichoshuka kama mporomoko wa moto kutoka mlimani kinajaza mabonde, juu ya vilima kinakuwa chembamba au hakuna, na kubwa na dogo vimechanganyika ovyo ndani ya majivu laini. Kilichosombwa na maji baadaye kina mawe yaliyolainika kona, mistari iliyolala mshazari, na mara nyingi vipande vya udongo na mawe ya aina nyingine katikati.

Mimi hapa niliangukia pua. Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu, nikiwa kijana mwenye buti mpya, nilipima mita mbili na nusu za pumisi chini ya mteremko mmoja, wakati mashimo yote ya jirani yalikuwa na sentimita sitini au sabini. Nilifurahi mno. Nikachora mduara mzuri kuzunguka pale na kuandika ripoti kwamba huenda palikuwa na tundu jingine la volkano karibu. Mzee niliyekuwa chini yake alisoma, akanyamaza, kisha akaniambia nimletee mfuko wa sampuli. Akamimina mezani, akachukua jiwe moja akalisugua kidoleni. Lilikuwa limeviringika kama punje ya njegere. "Hili limetembea," akasema, basi. Mvua za karne nyingi zilikuwa zimeikokota pumisi ya mlima mzima na kuirundika kwenye mguu wa ule mteremko. Tundu langu la volkano lilikuwa mfereji. Rungwe kwenu kunanyesha kuliko karibu sehemu yoyote ya Tanzania, kwa hiyo jalala la namna hiyo mtakutana nalo kila wiki. Lipimeni, liandikeni, ila kwenye safu yake: "limesombwa". Lisiingie kwenye hesabu ya unene wa mlipuko.

Kuhusu unene wenyewe. Pimeni sehemu tatu za ukuta, si moja, mkaandike zote tatu. Ardhi ikiwa ya mteremko, pimeni kwa kufuata pembe mraba ya tabaka, siyo wima wa ukuta, la sivyo mtazidisha. Kisha angalieni kilicho juu. Ikiwa juu ya pumisi kuna udongo mweusi uliotulia na mpaka unaonekana taratibu, tabaka huenda limebaki zima. Ikiwa mpaka umekatwa kama kwa kisu na juu yake kuna moramu au changarawe, sehemu imekwanguliwa, na namba yenu ni ya chini kabisa inayowezekana. Iandikeni "sm 38 au zaidi". Yale maneno mawili, "au zaidi", yana thamani kuliko desimali zote. Shamba la chai lililolimwa na kupaliliwa miaka mingi hukwangua sana. Makaburi, mahandaki na mashimo ya choo husema kweli zaidi. (Kwa makaburi, ni yale yanayochimbwa, na kwa idhini. Niliwahi kukaribishwa na wazee kuangalia ukuta wa kaburi asubuhi kabla ya mazishi, na heshima ile sijaisahau. Lakini usiende kuomba na wanafunzi arobaini.)

Pimeni pia mawe makubwa. Chagueni matano makubwa kuliko yote katika upana wa nusu mita ya ukuta, mpime urefu wa kila moja, muandike yote. Fanyeni hivyo kando kwa pumisi na kando kwa vipande vizito vya mwamba mweusi au mwekundu vilivyochanganyika humo, ambavyo ni kuta za koo la volkano zilizong'oka wakati wa mlipuko. Unene unatuambia kiasi kilichotoka. Mawe makubwa yanatuambia nguzo ilipanda juu kiasi gani na upepo ulisukuma upande upi, kwa sababu jiwe zito haliwezi kufika mbali lisiporushwa juu sana. Vile vyeusi vidogo ambavyo watu huviruka ndivyo mara nyingi vinaaminika kuliko pumisi, maana pumisi huvunjika inapogonga chini.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nijibu kwa urefu. Mwalimu, utakapowagawa wanafunzi katika makundi, kundi moja litarudi na mashimo sita yenye pumisi na litashangiliwa. Kundi jingine litarudi na mashimo sita matupu, na litajiona limeshindwa, na mashimo yake hayataandikwa. Hapo ndipo ramani inapoharibikia. Ramani yenye alama za pale palipopatikana tu haina mwisho: anayeisoma hawezi kujua kama nje ya alama hakuna majivu au hakuna aliyekwenda. Niliwahi kurithi faili la namna hiyo. Alama themanini, zote zina tabaka, zote ziko kando ya barabara ya lami. Nikajua tu barabara inapita wapi.

Kwa hiyo shimo tupu lipewe namba yake, koordineti zake, kina lilichochimbwa, na picha, sawasawa na mengine. Na muandike kwa uangalifu kwa nini ni tupu. "Tumechimba hadi mita 1.5, hatukuona" ni jambo moja. "Tumefika kwenye mwamba mgumu kwa sm 30" ni jingine, kwa maana huenda tabaka lilikuwapo likasombwa. "Shimo limejaa maji, hatukuona chini" ni la tatu, na hilo si sifuri hata kidogo. Ukiyaandika yote matatu "0", umesema uongo mara mbili.

Na hata sifuri halisi ina mipaka yake. Andikeni "hatukuona kwa macho". Mwaka 2005 wachimbaji walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa na kutoa mihimili mirefu ya tope. Miaka minane baadaye Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba ndani ya tope lile wamekuta vichembe vya kioo kutoka Toba, volkano ya Sumatra iliyolipuka miaka ipatayo 75,000 iliyopita, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapo. Hakuna jicho lililoona tabaka lolote. Vilipatikana kwa kuchuja na kuhesabu chini ya hadubini. Ziwa lililo jirani yenu, Mwalimu, lina majivu ya Indonesia. Ukiwasimulia hilo, hawatalidharau tena neno "hatukuona".

Koordineti zina mitego miwili inayowanasa hata wenye shahada. Wa kwanza: ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, hizo zinazouzwa kwa karatasi, zimejengwa juu ya mfumo wa koordineti uitwao Arc 1960, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za simu ukazipachika kwenye ramani ya karatasi bila kubadilisha, kituo, yaani mahali mlipopima, kinahama karibu mita 300. Katika milima yenu mita 300 zinatosha kukutoa ukingoni mwa bonde hadi ng'ambo ya mto. Andikeni juu ya kila ukurasa mfumo mlioutumia. Wa pili ni alama ya kutoa: mko kusini mwa ikweta, latitudo yenu ni hasi. Mlima Rungwe uko kama -9.1 na 33.7. Ukisahau kile kistari, kompyuta itakupeleka Sudan Kusini bila kukuuliza. Nimeona orodha nzima ya mashimo ya Mbeya ikielea kwenye mabwawa ya huko, na aliyeiandaa hakuwa mtu mdogo. Halafu ongezeni maelezo ya maneno kwa kila kituo: "hatua 60 juu ya daraja la mbao, upande wa kushoto ukipanda". Simu hufa, maneno hubaki.

Sampuli: kutoka kituo kimoja kati ya vitano inatosha. Gramu 300 hivi, kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, likiwa limeoshwa na kukauka. Mfuko wa kaki hulowa ukapasuka njiani. Jina la kituo liandikwe nje kwa maka na pia ndani, kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa wino wa nje hufutika ndani ya boksi la bodaboda. Tabaka likiwa na sehemu zinazotofautiana, mfano chini mawe madogo na juu makubwa, chukueni kila sehemu kivyake, mkianzia chini kwenda juu.

Picha moja ya mbali, moja ya karibu, zote zikiwa na futi kamba inayosomeka. Kalamu ya biki kama kipimo nimeshaikataa. Watu huipiga imelala mshazari.

Mkifikisha vituo thelathini hivi, leteni kazi darasani. Msikimbilie kompyuta, ingawa programu ya bure ya kuchora ramani kama QGIS itawafaa baadaye. Wekeni karatasi ya kufuatisha juu ya ramani, kila kituo namba yake ya unene, kisha kwa penseli unganisheni sehemu zenye unene mmoja: mstari wa sentimita 20, wa 40, wa 80. Ni kontua zile zile unazofundisha, ila badala ya mwinuko ni unene wa majivu. Mstari upite kati ya vituo kwa busara. Usipinde ghafla kwa ajili ya kituo kimoja kinachobisha. Kituo kinachobisha kirudiwe kutazamwa, mara nyingi kimesombwa. Panapokosa data, mstari uwe wa nukta nukta. Kompyuta haina aibu hiyo, itakuchorea mstari mnene hadi katikati ya ziwa.

Kwa 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, hivyo mraba wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita moja ya mraba. Wanafunzi wahesabu miraba iliyo ndani ya kila mstari, wapate eneo. Majivu yanayoanguka hupungua kwa tabia moja ya ajabu: kila ukisogea umbali fulani, unene unakatika nusu, na ukisogea tena umbali ule ule, nusu nyingine. Tuseme shuleni ni sentimita 40, kilomita nne mbele 20, nne nyingine 10. Mtaalamu wa volkano David Pyle alionyesha mwaka 1989 namna ya kutumia tabia hiyo kukadiria ujazo wote uliotoka, kwa kuchora logi ya unene dhidi ya kipeuo cha pili cha eneo. Kidato cha tatu wanaiweza hiyo kwa karatasi ya grafu na meza ya logi. Mkipata mstari ulionyooka, mmeona jinsi wingu lilivyochujwa na hewa. Ukipinda, kuna kitu cha kuulizana.

Umeuliza kazi itamfaa nani. Mji wa Tukuyu umezungukwa na mashamba na watu, na volkano hizi hazijafa. Uwezekano wa mlipuko mwingine unakadiriwa kwa kuangalia zilizopita zilifika wapi. Na si kila rekodi iko udongoni. Harkin alichapisha mwaka 1955 habari za lava ya Sarabwe kwenye Mlima Kyejo, akitegemea masimulizi ya wazee wa Kinyakyusa yaliyouweka mlipuko huo kwenye miaka ya 1800 mwanzoni. Wazee hao hawakuwa na kalamu. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya kuwauliza bibi na babu, na majibu yaandikwe kwa maneno ya msimuliaji, Kinyakyusa kikibaki Kinyakyusa, tafsiri iwekwe kando. Ziwa Masoko nalo, ambalo watu wanalijua zaidi kwa visa vya hela za Wajerumani zilizotoswa humo, ni shimo la mlipuko, na tope la sakafu yake limehifadhi majivu ya jirani zake tabaka juu ya tabaka. Mashimo yenu ya nchi kavu yanaweza kulinganishwa nayo.

Kuna faida nyingine ya kuzoea sasa. Majivu mabichi hayangoji. Ol Doinyo Lengai ilipoanza kulipuka Septemba 2007 na kuendelea hadi mwaka uliofuata, majivu yaliyowashukia wafugaji na mifugo yao yalikuwa na magadi, kwa kuwa volkano ile ndiyo pekee duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Magadi huyeyuka kwa mvua. Aliyepima baada ya mvua amepima masalia. Huko Ngazija, kisiwa cha Komoro, volkano ya Karthala ilipotema majivu Aprili na tena Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika ya maji ya mvua ambayo watu wengi wa kisiwa hicho wanayategemea kwa kunywa, na swali la siku ile lilikuwa kijiji gani kimepata kiasi gani. Hapo hutafuti ukuta wa kukwangua. Unaweka sinia au trei bapa mahali pa wazi, unaandika saa ya kuliweka na saa ya kuliondoa, unakausha, unapima kwa mizani ya duka, unagawa kwa eneo. Trei ya sentimita 50 kwa 40 ni moja ya tano ya mita ya mraba. Ukipata gramu 150, ni gramu 750 kwa mita ya mraba. Uzito kwa eneo ni bora kuliko unene, sababu majivu hujishindilia yakiguswa tu. Fundisheni hilo leo kwa vumbi la barabarani, siku ikifika mikono itajua.

Ili isiishie kabatini: jedwali moja, mstari mmoja kwa kila kipimo, si kwa kila kituo. Safu za namba ya kituo, tarehe, koordineti, unene, "au zaidi" ndiyo au hapana, hali ya tabaka (limeanguka, limetiririka, limesombwa, haijulikani), nani amepima. Safu ya mwisho iitwe "tunavyofikiri", na fikra zote zikae humo, zisivuke kwenda safu nyingine. Nakala moja ibaki shule, nyingine mpeleke Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, na nyingine idara ya jiolojia ya chuo kikuu chochote watakaokubali kuipokea kwa barua. Tokeni na barua hiyo yenye mhuri. Barua hutafutika pale faili linaposahaulika.

Kabla ya jembe la kwanza, onaneni na mwenyekiti wa kijiji na mwenye shamba. Machimbo ya pumisi yaliyoliwa chini ukuta ukaning'inia, msiyakaribie hata kwa picha, maana pumisi haishikamani na haitoi onyo. Mashimo ya choo yanayozidi kimo cha mwanafunzi, apime fundi akiwa na ngazi, mwanafunzi aandike akiwa juu.

Jambo la mwisho linahusu picha ya pili uliyonitumia pamoja na barua yako, ile ya shimo la choo. Chini kabisa ya kokoto, pale ukuta unapogeuka mweusi, naona vidoa vinavyong'aa kidogo. Inaweza kuwa udongo wa zamani tu. Lakini kama ni mkaa wa mti ulioungua au kufukiwa siku ile, ndicho kitu bora zaidi humo shimoni cha kupimwa umri kwa kaboni. Usikiguse kwa mkono na usiruhusu shimo lijengewe kabla. Chukua kipande kwa ncha ya kisu safi, kifunge kwenye karatasi ya aluminiamu, andika kina chake kutoka kwenye mpaka wa pumisi, kisha nijulishe.